Mashua ya Baba, Upande wa Kushoto

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila bado anapanda ngazi mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Mke wangu anakusalimu. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja na sasa anacheka kwa kuziba mdomo kama bibi kizee. Simu yako nimeipiga mara sita. Mara ya saba akapokea mtu mwingine, akaniambia namba hiyo ni yake mwaka wa pili huu. Anwani nimepewa na Shangazi, na alivyositasita kunipa ungedhani namwomba figo.

Ninalotaka ni hili. Mwenye karakana ametangaza kwamba kiwanja kinasafishwa. Ikifika mwisho wa Septemba, mashua ya Baba ama iwe majini, ama ikatwe kwa msumeno itupwe jalalani. Miaka minane imekaa juu ya magogo, imefunikwa turubai. Mimi nimeamua kuitengeneza. Mlingoti mpya upo, nimeupata kwa mtu aliyevunja mashua yake. Nimeshaanza kazi.

Kinachonikwamisha ni ofisi ya usajili. Kadi ina majina mawili, langu na lako, kama Baba alivyoandikisha, na mkaguzi haji bila saini zote mbili. Fomu nimeiweka ndani ya bahasha. Tia saini, irudishe. Sikuombi kingine. Kumzika Baba hukuja. Fanya basi hili.

Mdogo wako

27 Februari

Chapuchapu,

Salamu nimezipata. Mimi mzima. Kazi ni ile ile: nakagua lifti za majengo ya watu, nashinda juu ya mapaa katika vyumba vya mashine, mikono imejaa grisi. Msalimie mkeo na binti. Mama usimpe salamu zangu, kwa sababu sijazituma.

Fomu sikuitia saini. Umeandika "nimeshaanza kazi" ukanyamaza. Kazi gani? Nakufahamu tangu ukiwa unapiga deki nyumba nzima kwa dakika tano na maji yote yako chini ya zulia. Hilo jina hukupewa bure. Mkaguzi wenu atakuja nusu saa, atagonga ubavu wa mashua kama mtu anayechagua tikiti maji, aende zake. Mimi jina langu naliweka kwenye kitu nilichokihakikisha. Niandikie umefanya nini, kimoja kimoja.

Na uandike kwenye karatasi. Namba yangu mpya sitakupa. Katika familia yetu maneno ya mdomo hubadilika njiani.

Habari za mazishi usinitajie tena. Hujui unalolisema.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Barua yako imechukua siku kumi. Mama hajambo. Shangazi alivunja miwani yake, sasa anasoma kwa miwani ya marehemu mumewe na anaona kila kitu kimeinama. Mke wangu anakushukuru kwa salamu; mimi hapana.

Haya, kimoja kimoja, bosi. Nimetoa viota vya panya vitatu. Nimesugua kabini yote kwa msasa nikapaka rangi mara mbili. Mito ya vitanda nimeishona upya, kitambaa cha buluu kisichoshika maji, na sponji nzito. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, makochi, na hapo huna la kunifundisha. Jiko jipya la gesi. Betri mbili, paneli ya sola juu ya paa la kabini, taa tano. Choo kinavuta. Ukiingia leo unaweza kumlaza bibi harusi.

Sasa nami nikuambie kitu. Unataka kukagua? Mimi nilimkagua Baba miaka sita. Nilimgeuza kitandani kila baada ya saa tatu asiote vidonda. Visigino vyake navijua kuliko viganja vyangu. Wewe ulituma vifurushi. Soksi! Mtu asiyetembea ulimtumia soksi. Na nani aliyemfikisha pale? Asubuhi ile wavuvi wenyewe walirudi gatini wakisema upepo mkali. Wewe ukampakia mzee wa miaka sitini na nne, mlingoti ukamwangukia mgongoni. Yeye alikuwa akikuita Kapteni, wala hukumwonea huruma.

Saini.

Mdogo wako

11 Aprili

Chapuchapu,

Huku mvua kubwa, umeme unakatika na watu wananasa kwenye lifti, kwa hiyo sijakaa. Mwambie Shangazi apeleke miwani kwa fundi.

Umeshona mito kabla ya kufungua sakafu. Huko ni kumpaka marehemu poda. Mashua urefu wa mita nane, imekaa juu ya magogo miaka minane, wewe unanieleza taa tano! Anza na vinavyoizuia isizame. Koki zote zinazopitisha maji ubavuni, zitoe. Usizitazame tu, zitoe. Nati za mkuku, ule uti wa chini ya mashua, moja moja. Usukani, uushushe uone chuma chake ndani. Kisha mlingoti na waya zake, na mikanda ya chuma chini ya sitaha inayozishika hizo waya. Mito ni ya mwisho. Hata anayezama anaweza kuzama amekaa kwenye mto mzuri.

Na nikuulize jambo moja. Nyuma ya kabati la kushoto, lile la vikombe, kuna ubao uliofungwa kwa skrubu sita. Umeufungua?

Kuhusu mazishi, kwa kuwa huwezi kuuzuia ulimi. Siku ile nilikuwa kituo cha basi saa moja asubuhi, nguo nyeusi mwilini, tiketi mkononi. Shangazi akanipigia. Akasema, "Mama yako anasema ukiingia mlango huu, yeye atatokea ule." Nikaketi kwenye benchi. Basi likajaa, kondakta akaniita mara mbili, likaondoka. Niliketi pale mpaka saa ambayo mlikuwa mmeshamaliza kumfukia. Muulize mama yako.

Dada yako

8 Mei

Dada,

Sisi wazima. Binti ameota jino moja, limekaa upande.

Nimemuuliza Mama. Alikuwa anakunja shuka. Nikamwambia, "Mama, ni kweli ulimkataza Dada asije kumzika Baba?" Hakuacha kukunja. "Nilimkataza," akasema. "Na mngemzika leo ningemkataza tena. Shika hiyo ncha." Nikashika ncha ya shuka. Sikujua hilo. Nilidhani ni moyo wako mgumu. Basi ile kauli ya mazishi naifuta. Nyingine zote zibaki.

Kazi: nimefuata uliyosema, na usifurahi. Koki nilizitoa nne. Moja ilimomonyoka mkononi kama biskuti iliyolowa. Kwa hiyo ndiyo, tungezama. Zote mpya sasa. Nati za mkuku kumi, mbili zilikuwa na kutu, nimezibadilisha. Usukani niliushusha na winchi ya jirani, chuma kizima, nimekipaka dawa. Waya zote nane mpya. Ukanda wa chuma wa kulia nimeuondoa, nikachongesha mwingine wa chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita sita, nikauweka na bolti nne, nikajaza gundi ya kuzuia maji pembeni, nikaukagua kwa kuuning'inizia pipa la maji. Haukutikisika. Injini ndogo inawaka kwa mara ya pili, wakati mwingine ya tatu. Tanga kubwa nimelishona mwenyewe viraka viwili, mshono wa kwenda na kurudi.

Fomu ya kwanza imepitwa na tarehe. Hii nyingine.

Mdogo wako

30 Mei

Chapuchapu,

Mimi mzima. Nanyi muwe wazima.

Barua yako ina kurasa nne. Ukanda wa kulia umeuandikia mpaka pipa la maji. Wa kushoto hukuuandikia hata neno. Mashua ina pande mbili.

Ubao umeufungua?

Dada yako

21 Juni

Dada,

Salamu ziko wapi kwenye barua yako? Nami basi sina.

Wewe ni nani wa kunihoji kama askari wa kituo? Nimeacha wateja wangu wanasubiri makochi tangu Machi. Mikono imebabuka kwa dawa za rangi. Nalala kifudifudi chini ya mashua nikila vumbi, wewe umekaa huko mbali unaniulizia ubao! Ubao uko sawa. Kushoto kuko sawa. Kila kitu kiko sawa. Mimi si mtoto.

Nimezungumza na mwanasheria. Anasema mwenye nusu akikataa saini bila sababu, mahakama inaweza kuifanya bila yeye. Usinilazimishe. Ulivyoondoka familia hii ilianza kupumua, na kama unataka kurudi kutuziba pua kwa barua, umekosea anwani.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya

14 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini Mama anaweza kulala, na binti jino lake limenyooka. Nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga, waya wa simu nimeuchomoa.

Nitakueleza kilichotokea, kwa sababu umesema kushoto kuko sawa, na ulisema hivyo hivyo miaka minane iliyopita.

Ile Ijumaa niliacha orodha ya kazi mezani kwako. Mstari wa nne niliandika: badilisha ukanda wa chuma wa kushoto, mpya uko kwenye mfuko. Jioni nikaikuta orodha ina alama ya vema mbele ya kila mstari. Jumapili nikatoka na Baba. Upepo ulikuwa mkali, kweli, lakini si wa kutushinda. Tulikwisha kutoka katika mkali zaidi, na Baba ndiye aliyesema twende. Tulipogeuza, mlingoti ulianguka bila hata kulia. Nilimshika Baba kichwa muda wote tukivutwa kurudi. Alikuwa ananiuliza kama tanga limechanika.

Jumatatu asubuhi nikarudi gatini peke yangu, nikashuka kabini. Waya wa kushoto ulikuwa mzima. Kilichokatika ni ukanda unaoushika. Nikafungua ule ubao. Ukanda ulikuwa ni ule ule wa zamani, umeliwa na kutu mpaka ndani, na juu yake rangi nyeupe, mpya, bado inanata kidoleni. Mfuko wenye ukanda mpya ulikuwa chini ya kitanda, haujafunguliwa.

Nikaja moja kwa moja hospitalini, maneno yote yakiwa mdomoni. Ulikuwa umekaa kwenye korido. Mkeo alikuwa na mimba ya miezi minane, amekuegemea, unalia kwa sauti. Mama akanigeukia mbele ya watu akasema, "Wewe na upepo wako." Nikakutazama. Ukatazama sakafu.

Nikajiambia: Mama asipoteze watoto wawili kwa siku moja. Mdogo wangu atasema mwenyewe, akishatulia. Nilirudi kuufunga ubao kwa mikono yangu. Nilikupa siku moja. Ukachukua miaka minane.

Sasa nenda mahakamani.

Dada yako

5 Agosti

Dada,

Shikamoo. Najua sistahili kujibiwa.

Barua yako niliisoma ndani ya kabini, nimekaa kwenye ile mito. Nikaisoma tena. Nilikuwa najua kila neno isipokuwa kwamba wewe nawe unajua. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu na lile jambo.

Ubao niliufungua siku ya kwanza, Januari, kabla sijafagia, kabla ya panya. Nilitazama nikaufunga. Kisha nikashona mito. Ulipouliza mara ya kwanza nikajiambia, amebahatisha.

Ijumaa ile bolti ya chini iligoma. Spana ikateleza, nikajichuna vidole. Saa kumi jioni rafiki zangu walikuwa nje wanapiga honi, kulikuwa na mechi. Nikakwaruza kutu kwa kucha nikasema hii ni ya juu juu, wiki ijayo nitaimaliza. Rangi ilikuwa karibu, brashi imelowa. Nikapaka. Nikatia vema. Tulifungwa mbili bila. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine kubwa zaidi. Nimeitafuta.

Pale korido nilisubiri useme. Ulipokaa kimya nikaona mlango uko wazi, nikapita. Baadaye kila nikitaka kusema, Mama alikuwa ameshakulaani tena, na mimi nilikuwa mtoto mwema anayemgeuza baba yake kitandani. Baba kila nikimgeuza alikuwa akisema, "Mungu akupe, mwanangu." Kila baada ya saa tatu. Kwa miaka sita, dada. Hakuna ngumi ingeniumiza vile.

Kwa hiyo nilikuchukia. Ilikuwa rahisi kukuchukia kuliko kukaa na hilo. Mwanasheria hakuna, nilikudanganya.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

19 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Sijakusamehe, na usiniombe. Sina hakika kitu hicho kinatolewa kwa barua. Nimefikiri nikuulize mkono ulipona vipi ulipojichuna vidole, halafu nikakasirika kwa kufikiri hivyo.

Utafanya haya. Barua yangu ya Julai na yako ya Agosti utazisoma kwa sauti mbele ya Mama na Shangazi. Iwe mchana, redio imezimwa. Usifupishe, usieleze, usilie kabla hujamaliza. Ukilia watakuonea huruma tena, na mimi nitabaki nilipo.

Kisha utaufungua ubao, utautoa ukanda wa kushoto, utauweka mpya. Halafu pipa la maji, pande zote mbili.

Mashua ishushwe majini tarehe ishirini Septemba. Ufunguo mwachie mlinzi wa lango la gati. Nitakuja na fomu, nitakagua mwenyewe kabla ya mkaguzi. Sitaki kukukuta.

Dada yako

6 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimesoma.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alimtoa binti nje. Nilipofika kwenye rangi nyeupe, Shangazi akafungua mdomo. Mama akamwambia, "Wifi, nyamaza." Na Shangazi alinyamaza, sijawahi kuona. Nilimaliza yako, nikamaliza yangu. Sikulia. Mama akasema, "Rudia pale hospitalini." Nikarudia. "Rudia pale alipofunga ubao." Nikarudia. Akainuka, akawasha pasi, akaanza kupiga pasi shuka, mahali pamoja, mahali pamoja, mpaka ikaanza kunuka kuungua. Nikaichomoa pasi ukutani. Akasema, "Umeniacha nimlaani mtoto wangu miaka minane, na chai ulikuwa unakuja kunywa."

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Chakula ananiwekea. Jina langu halitaji. Mke wangu amehamishia mto wake kwa binti. Silalamiki, nakujulisha tu.

Ukanda nimeutoa. Ile bolti iligoma tena. Nilikaa nayo siku tatu, mafuta asubuhi na jioni, mpaka ikaachia. Mpya umeingia. Mapipa nimening'iniza mawili kila upande. Tarehe ishirini itakuwa majini. Ufunguo utaukuta. Sitakuwepo.

Mama aliniuliza kupitia kwa binti ni tarehe ngapi unakuja. Nilimwambia binti amjibu.

Mdogo wako

24 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefika salama, nimelala hoteli ya mbele ya gati. Mkeo nilimwona kwa mbali sokoni, hakuniona. Binti amefanana na Baba paji la uso.

Mlinzi alinipa ufunguo akaniambia kuna mama amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, hataki chai. Alikuwa Mama, na mkoba wake wa kanisani, viatu vya kisigino. Amezeeka, hukuniandikia hilo. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamuuliza, "Umekuja kuona mashua?" Akasema, "Nimekuja kukuona wewe. Mashua iko wapi?" Nikamwonyesha. Hatukukumbatiana. Alipotaka kupanda nikamwambia avue viatu, vitachuna sitaha. Akavivua akavishika mkononi kama msichana, magoti yakitetemeka, na mkono wangu akaukubali.

Aliketi ndani siku zote mbili nilipokuwa nakagua. Hakuongea sana. Mara moja aliniuliza, "Hizo soksi ulizokuwa ukituma, ulizifuma mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alizivaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimvalisha." Basi.

Jana mkaguzi alikuja, akagonga ubavu, akaandika. Fomu ina saini mbili. Jina lako nimeliacha kwenye kadi. Leo mchana naipeleka mashua bandari nyingine, karibu na ninakoishi, na itakaa huko. Mama anakuja nami kituo cha kwanza, halafu atarudi kwa basi. Kumpokea ni kazi yako. Ukimkuta hakusemeshi, mbebee mkoba.

Na hili ninaandika kwa sababu mimi ni mkaguzi, siandiki uongo kwenye ripoti. Nimelala chali chini ya sakafu ile, tochi kichwani, kioo cha mkono. Nimeshika kila nati uliyoifunga, kila bolti, kila skrubu, kulia na kushoto. Nimetafuta siku mbili nzima. Sikupata kosa hata moja.

Nilitamani nipate.

Dada yako